Chandarua Hakimfundishi Mtoto Neno

Naikumbuka, mwanangu, siku moja ya kliniki pale Bagamoyo, huyu mumeo Shabani akiwa mapajani mwangu, ana miezi minane. Watoto wenzake kwenye benchi walikuwa wakipiga makofi, wakivuta ushungi wa mama zao, wakibwabwaja kama watu waliokutana mnadani. Wangu anatazama dari. Mama mmoja akaniuliza mtoto ana miezi mingapi, nami, Mungu anisamehe, nikasema mitano. Kumbe muuguzi amesimama nyuma yangu, kadi mkononi, akasoma kwa sauti kwamba ni minane. Laiti ardhi ingepasuka siku ile ningeingia.

Muuguzi akapiga makofi nyuma ya sikio la mtoto, mtoto akageuka. Masikio mazima. Akaniuliza ninamchezesha vipi. Nikamjibu kwa fahari kwamba mwanangu hana usumbufu, nilipomlaza ndipo nimkutapo. Hakucheka. Akaandika kwenye kadi turudi mwezi unaofuata, na akaniambia nizungumze naye.

Nizungumze na mtu asiyejibu? Niliona haya. Lakini jambo langu hasa lilikuwa hofu. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shabani alipozaliwa, mnene, macho maangavu, niliogopa kijicho kuliko homa. Nikampaka wanja, nikamfunga hirizi, kisha nikamtia chumbani ndani ya chandarua, usiku na mchana. Majirani wakija kumtazama nasema kalala. Hata kazi ya mwani niliiacha nimlinde.

Habari za kliniki zilifika kijijini kwetu Mlingotini kabla yangu. Kesho yake akaja somo yangu, Bi Mwanahamisi, yule aliyenifunda nilipovunja ungo na kunisimamia harusini. Mtu wa maneno machache, mkono mzito. Nikamwamkia, akaitikia huku anapita, akaenda moja kwa moja chumbani, akafunua chandarua. Wakatazamana, yeye na mtoto. Akaniuliza kama nimemsomea dua. Nikasema kila alfajiri na kila magharibi.

"Basi mtoe uani," akasema. "Anayemlinda chumbani ndiye anayemlinda uani."

Nikaangua kilio, mwanangu. Nikamwambia lile nililokuwa nimemficha hata mume wangu, kwamba naogopa mtoto huyu atakuwa bubu.

"Bubu ni wewe," akasema. "Yeye anangoja mtu aanze."

Neno lile liliniingia mpaka kwenye mfupa. Yeye wala hakungoja nimalize kulia. Akatandika mkeka uani, mbali na jiko, akakunja khanga tatu na kumwegemeza Shabani, akaosha kifuu akampa na mwiko. Mwenyewe akakalia mbuzi, akaanza kukuna nazi. Na kila alichofanya alimweleza: hii nazi, baba, hii kata ya maji, sasa twachuja tui. Mtoto akiguna, somo anaacha kukuna, anamkazia macho na kumwuliza, "Ehee, kisha?" Utadhani anaongea na kadhi! Nikajikuta nacheka na machozi bado mashavuni. Alipoondoka aliniachia amri moja: akisema, nyamaza, akinyamaza, sema.

Mkataa la mkuu huvunjika guu, basi nikafuata. Nikimwogesha namtajia mguu, namtajia kitovu. Nikianua nguo najificha nyuma ya khanga, nachungulia, naye anachekacheka. Nikarudi bandani kwa kina mama wenzangu wa mwani, Shabani ninaye, wao wanafunga mbegu kwenye kamba huku wakimwimbia, naye anavutavuta kamba akidhani anasaidia. Mara ya kwanza alipoanguka kifudifudi kwenye fungu la mwani nilitaka kumkimbiza nyumbani. Akainua kichwa, mwani puani, akacheka. Siku si nyingi akawa anakaa bila kuegemezwa kwa khanga.

Kisha asubuhi moja nimechoka, nakuna nazi kimya, mawazo mbali. Yeye pembeni anapiga kifuu kwa mwiko. Akaacha, akanikazia macho.

"Ehee?" akasema.

Vile vile kama somo. Nilipiga ukelele, majirani wakaja mbio wakidhani mtoto kaungua. Wale wale niliokuwa nawaambia kalala. Kila mmoja akataka aambiwe ehee yake, mashallah hazihesabiki, vigelegele mpaka barabarani. Nilikaa pale mkekani, nikawaona wanavyompenda, nikajionea aibu kwa miezi yote ile.

Sasa juzi ulinilalamikia kwamba mumeo hanyamazi, abiria wa bajaji yake wanateremka wameshajua habari za ukoo wetu wote. Vumilia, hayo nimeyatafuta mwenyewe. Lakini jana nimepita dirishani mchana, nikaona chandarua kimeshushwa, na simu imeegemezwa kwenye mto inamwimbia mjukuu wangu. Sikukugombeza. Najua unachoogopa.

Mwanangu, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi yenyewe haitaki vitu vya dukani. Kifuu kinatosha, na kata, na upindo wa khanga, alimradi kiwe safi na kisiwe kidogo cha kumezeka. Ufanyapo kazi, mweke karibu umwambie unafanya nini. Simu haijui kunyamaza akisema, wewe unajua. Waache na watu wampakate. Na likikutia shaka jambo, usidanganye miezi kama mimi, mwulize muuguzi.

Mwenyezi Mungu amkuze, amjaalie ulimi wa heri na miguu ya heri, akupe umri umsikie akikukatiza maneno mbele za wageni. Amina. Haya, nipe huyo mtoto. Nazi nimeshaivunja, na kifuu cha baba yake bado ninacho.