Kichwa cha Bolti

Kila mara fundi wangu wa magari, pale mtaa wa Gerezani, anapomimina mafuta ya taa kwenye bolti iliyoganda kwa kutu, harufu ile hunipandisha hasira.

Nilikuwa msichana mdogo. Pikapu ya baba ilikuwa imeinuliwa kwa jeki nyuma ya nyumba yetu, karibu na Msimbazi, ibadilishwe bolti za springi. Mzee aliyekuwa akiitengeneza alimwaga mafuta ya taa, lakini hakuwa na subira ya kuyaacha yapenye. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu, akaning'inia. Bolti ikakatika kichwa. Akatazama huku na huku, asijue kwamba namwona, akapaka grisi, akakibandika kile kichwa mahali pake kama kizima.

Baba alipotoka, mzee akasema, "Tayari, mwanangu. Zote nimebadilisha."

"Muongo," nikasema. "Hii imekatika."

Nikakibandua kichwa kwa vidole viwili, nikampa baba. Alikitazama kitambo, akakitia mfukoni.

"Mtu mzima haambiwi muongo," akaniambia. "Mwombe babu radhi."

Nikaomba. Mzee akanipapasa nywele kwa mkono wake wa grisi, akasema amenisamehe.