Siku Maji Yalipotuzunguka Yiti

Ijumaa iliyopita nilimpeleka binti yangu mpaka Yiti, pwani tuliyokuwa tukienda nilipokuwa mdogo kama yeye. Siku hizi lami inafika karibu na maji, na majumba yanajengwa pale tulipokuwa tukitandika mkeka. Alipokimbilia mchangani nikamwita arudi. Ngoja nikwambie kwa nini.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na magoti mabovu, na tangu atoke Unguja kuja huku nchi za Kiarabu hakupenda wiki ipite hajaiona bahari. Basi kila Ijumaa baba alikuwa humpeleka na gari mpaka mchangani kabisa, maji yakiwa yamekupwa, na mama hufunga kachori na chai ya zafarani. Ijumaa moja tulikula tukashiba, nikapanda kiti cha nyuma kujilaza mapajani kwa bibi, kwenye kanga yake inayonukia udi. Usingizi ukanichukua.

Nilishtuliwa na maji miguuni. Lilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, na maji hayakutokea mbele tulikokuwa tukitazama. Yalizunguka kwa nyuma, kupitia khori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, yakatutenga na nchi kavu. Baba akatia moto gari. Magurudumu yakazidi kuzama.

"Mchukueni mtoto," bibi alisema. "Mie nna miguu hii, ntakucheleweshani."

"Siendi popote bila yako, mama," baba alijibu, na sauti ikamtetemeka. Sikuwa nimepata kumsikia baba akitetemeka. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa tunaweza kufa.

Mama alinibeba mgongoni, maji yakimfika kiunoni. Nilipogeuka nilimwona bibi ameng'ang'ania kiti cha mbele, midomo inakwenda, anasoma dua. Tulipofika pakavu mama akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wavuvi watatu waliokuwa wakitengeneza nyavu wakaja mbio, wakaingia majini mpaka garini. Walimlaza bibi juu ya mkeka wetu, wao na baba wakaunyanyua mabegani, kila mtu na pembe yake. Mama akaangua kilio, maana vile ndivyo anavyobebwa maiti.

"N'hai miye!" bibi alipiga kelele kutoka juu. "Nyamaza, mwanamke we, unantisha!"

Walimfikisha salama. Gari lilibaki paa, kisha na paa likapotea. Mvuvi mmoja alitupakia kwenye pikapu yake mpaka nyumbani Wattaya, na njia nzima bibi alikuwa akitetemeka ubavuni mwangu. Bahari hakuitaja tena. Ijumaa zetu zikawa za sebuleni, mapazia yamefungwa.

Bibi ameshatangulia, na baba pia. Binti yangu aliniuliza kwa Kiarabu naogopa nini, na bahari imetulia vile. Nikamweleza kwa Kiswahili, akafahamu nusu. Jioni nikampitia mama, ambaye siku hizi husahau mengi, nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile alivyonibeba. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea mwenziwe huruma.

"Yiti?" alisema. "Mie sijapata kufika Yiti, mwanangu."

Nikabaki mimi peke yangu na maji yale.