Maneno Ambayo Mwenye Joho la Kijani Hakuyasema

Filamu za mashujaa nimetazama nyingi, kwa sababu shule niliiacha mapema na muda ninao. Zote ni za mtu mmoja. Anatoka juu, baba yake haonekani, anaokoa watu wanaomkataa, anakufa mikono imefunguka, kisha anaamka. Sisi Wakatoliki wa Kilibula, mtaa wetu kando ya ziwa, hatukuhitaji kuelezwa huyo ni nani. Tulielezwa hata hivyo.

Aliyetueleza alikuwa katekista wetu. Mchana, akimaliza mafundisho, alisimama kando ya televisheni katika ukumbi wa video, kipaza sauti mkononi, akigeuza Kifaransa cha filamu kuwa Kiswahili chetu. Mkalimani mzuri alijaza ukumbi kuliko filamu yenyewe. Tuliipenda hasa ile ya mtu wa joho la kijani anayeangukia baharini. Hapo katekista aliisimamisha picha.

"Muangalie mikono. Iko namna gani?"

"Musalaba," tulijibu.

"Na anasema nini? Anasema, musikimbie, nitarudi."

Mama mdogo, aliyenilea, aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, mlangoni pale. Kila mara alilia. Mumewe alimtania, "Weye unamulilia muzungu wa mu televizio. Minye nikikufa, machozi itabakia?"

Vita vilipokaribia, majirani walifunga vyombo wakaelekea mpakani. Baba mdogo alitaka tuondoke. Mama mdogo akaenda kwanza kumuuliza katekista.

"Mama, si uliona mwenyewe?" alimjibu. "Wenye kukimbia hawatamukuta akirudi. Mukae."

Tulikaa. Asubuhi nyumba ya katekista ilikuwa tupu. Alikuwa amevuka ziwa na jamaa yake, pamoja na televisheni na jenereta. Jioni wanajeshi waliingia mtaani kutafuta wanaume wa kuwabebea risasi. Walimchukua baba mdogo. Hatukumwona tena.

Nilizunguka miaka, nikipakia malori, na Kifaransa nikakiokota kwa madereva. Siku moja, katika baa ya Bujumbura, nikaikuta filamu ile. Nilingoja pale anapoanguka. Midomo ilikuwa imefungwa. Hakusema neno. Ilisikika sauti ya maji tu, na wale aliowaokoa walikuwa wanakimbia, kama watu wenye akili.

Risasi ziliposikika tena upande wa mto Ruzizi, nilirudi Kilibula na mtu wa pikipiki kumchukua mama mdogo. Nilimweleza habari ya ile filamu.

"Mama, hakusema kitu. Katekista alijitungia."

Aliendelea kuchambua mchanga kwenye ndagala. "Weye uliacha masomo. Yeye iko anajua Kifaransa."

"Minye pia nakijua."

"Cha madereva."

"Basi, hata kama alisema. Twende."

"Na baba yako mudogo akirudi, akute nani?"

Nje yule wa pikipiki alipiga honi. Nilitoka nikamwambia aende zake.