Ushuhuda wa Tumbo Safi

Daktari wa Nakuru aliniambia picha ya tumbo langu iko safi, kama vipimo vyote vya awali. Mama akasikia kwamba nimepona. Jumapili, kanisani kwetu Gilgil, akaniinua nitoe ushuhuda. Nilisimama na sketi iliyoshikwa kwa pini, maana tumbo lilikuwa limefura tena na zipu ilikataa kufunga.

"Bwana asifiwe. Madaktari hawajaona kitu. Bado naumwa, na kesho narudi hospitali."

Waumini wakaitika amina, kwa mazoea. Sikuhisi aibu wala hasira.

Nilipoketi, mama alininong'oneza, "Si ungesema tu asante?"

"Asante ya nini, mama?"

Mama alitoa leso mkobani akanifunga kiunoni, pini isionekane.

"Kesho tunatoka saa ngapi?" akauliza.