Mama Sofa Aliyetaka Kuua Uvimbe kwa Njaa

Saa tatu asubuhi, koleo linang'oa misumari. Mama Sofa amepiga magoti mbele ya kochi kuukuu. Anachomoa sponji iliyochakaa, anaibonyeza, anainusa.

"Hii ya katikati bado nzima," anasema, akiiweka kando. "Itaziba kiti kingine."

Ndivyo amekuwa akifanya kazi kwa miaka ishirini na miwili. Sponji zikiadimika dukani, hafungi karakana. Anachana viti vibovu, anatengenezea vingine.

Chini ya aproni, titi lake la kushoto lina uvimbe. Mwezi wa pili aliambiwa ni saratani. Akaanza tiba ya dripu, dawa ya kuua saratani, akapata dozi tatu. Kisha akafanya jambo ambalo, nasema kweli, nilipolisikia kalamu ilinidondoka.

Aliacha kula.

"Mteja mmoja aliniambia hili dude linakula ninachokula," ananisimulia. "Nikasema nalinyima, lifie mbali."

Binti yake, anayemshonea foronya za mito, alikuwa akimpakulia kila mchana. Mama alikuwa akingoja binti ampe kisogo, kisha anamwaga sahani nzima kwa kuku wa jirani kupitia dirisha la nyuma.

"Jirani ndiye aliyekuja baadaye kunishukuru kwa kunenepesha kuku wake," anasema binti. "Nikamuuliza, chakula gani? Lahaula!"

Wiki saba, kilo kumi na moja zimeyeyuka. Siku ya dozi ya nne daktari alitazama mizani, akakataa kumtundikia dripu. Mwili haungeihimili.

"Nikamtobolea siri yangu, nikidhani atanipongeza. Akashika kichwa!"

Daktari, anayemjua kwa kazi yake, akamuuliza: "Mama, sponji zikiisha dukani, unafunga karakana?"

"Thubutu! Nachana makochi ya zamani."

"Basi na seli ndivyo zilivyo. Hubomoa vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia upya. Kwa seli yenye afya huo ni usafi, unatukinga. Lakini seli ya saratani ikibanwa, kwa njaa au kwa dawa, inaweza kutumia ujanja huohuo ili isife. Wataalamu bado wanatafuta namna ya kuuzuia. Wewe umejidhoofisha mwenyewe, mama, na uvimbe bado upo."

Mama Sofa anasema alikaa kwenye benchi.

"Kumbe jambazi lina karakana humu ndani! Tena kwa ufundi wangu mimi!" Anacheka, kisha machozi yanamlengalenga. "Nilikuwa najiua, mwanangu. Kwa mikono yangu hii."

Neno moja la mteja aliyekuja kuchukua kiti lilimshinda daktari kwa wiki saba!

Sasa amerudisha kilo sita. Daktari anataka nane ndipo dozi ya nne itolewe. Mizani ni kesho kutwa.

Akipona, ana mpango. Viti vinane vya chumba cha dripu vimechanika, springi zinachoma wagonjwa. Atavivika upya bila malipo. "Na viti hivyo sitavitia viraka," anasema. "Sponji mpya tupu."

Mchana unafika. Binti analeta sahani, anasimama palepale, mikono kiunoni. Dirisha la nyuma limezibwa kwa mbao mbili. Mama Sofa alilipigilia misumari mwenyewe.

Nje kuku wanaparura ukuta. Yeye anakula taratibu, kwa shida, mpaka punje ya mwisho, kisha ananigeuzia sahani niione.

"Andika hiyo," anasema.