Sauti ya Mzinga

Kwa siku tisa fundi cherehani hakusema neno mbele ya mteja. Mlangoni alibandika karatasi: NIMEPOTEZA SAUTI, TAFADHALI ANDIKA. Wateja walimpa pole, mmoja akamletea hata dawa ya kusukutua. Kumbe sauti ilikuwepo, tena nzima kabisa. Kilichomtoka ni ujasiri wa kuitoa.

Mambo yalianza kama utani. Mwaka mmoja nyuma, mteja aliyekuja kubana gauni alimwingiza kwenye kundi la simu la watu walionunua sarafu ya mtandaoni iitwayo Nyuki. Haikuwa moja ya zile kubwa zinazotajwa kwenye taarifa ya habari. Hii ilikuwa changa, ya watu wa kipato cha kuungaunga. Kundi lao waliliita Mzinga, na lilikuwa na adabu zake. Mgeni alijitambulisha kwa kazi yake, si kwa jina. Bei ikishuka, aliyeshikilia sarafu zake alimwagiwa sifa. Aliyeuza aliitwa nyigu, akazomewa mpaka atoke mwenyewe. Mwanzilishi wao waliyemwita Rubani hakuna aliyewahi kumtia machoni.

Fundi alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, na macho yake hayakuelewana na herufi ndogo. Siku moja akaona heri aseme kwa ujumbe wa sauti. "Hamjambo nyuki wenzangu? Mimi shangazi yenu niko kwenye cherehani, nimeshachomwa sindano mara mbili na hata chai sijanywa." Watu walicheka, wakataka tena. Rubani akamfanya mlezi wa kundi. Tangu hapo, kila asubuhi saa moja, watu elfu nne walisubiri sauti ya Shangazi. Aliwatajia wagonjwa, aliwapa pole waliofiwa, na mwishoni daima alisema: "Shikilieni, wanangu. Msiwe nyigu."

Jumanne moja saa nne asubuhi bei ya Nyuki ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba. Kufika adhuhuri, sarafu za kununulia nyumba hazikutosha kununua uzi. Rubani akafuta akaunti yake. Kundi zima likamgeukia mtu mmoja.

"Shangazi, uko wapi?"

"Shangazi, sema chochote."

Halafu jioni: "Shangazi, tutakupata."

Siku ya tatu mtu alichimbua picha ambayo Shangazi mwenyewe aliwahi kuituma kundini, ya meza yake ya kazi iliyo karibu na dirisha. Kwa nyuma lilionekana tangi jekundu la maji juu ya ghorofa. Mtu yule alilizungushia duara, akaandika: "Mtaa huu naujua. Nitapita."

Fundi aliusoma ujumbe ule. Alishusha pazia, akasogeza cherehani mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Kila kivuli kilipopita chini ya mlango, aliacha kushona.

"Mama, wewe hukuiba," binti yake, muuguzi, alimwambia. "Na wewe umepigwa pesa kama wao. Unaogopa nini?"

"Hujui, mwanangu. Niache tu."

Siku ya tisa aliingia mwanaume mwenye mabaka ya saruji kwenye viatu, mkononi ameshika suruali. Alisoma karatasi ya mlangoni, akaandika kwamba yeye ni fundi bomba na anataka pindo lipunguzwe. Alipoinama kuonyesha kipimo, kiganja chake kilikwenda moja kwa moja kwenye pasi ya moto.

"Angalia pasi!"

Maneno yalimtoka fundi cherehani kabla hajafikiri. Mwanaume aliganda, mkono ukiwa hewani.

"Shangazi?"

Fundi aliisogeza pasi kando.

"Ni wewe. Sauti hii nimeamka nayo miezi minane." Akarudi nyuma, akausukuma mlango ukafungika.

Mkono wa fundi ukatafuta mkasi, ukaushika. Mwanaume akaingiza mkono mfukoni. Akatoa simu.

"Mke wangu ameondoka na watoto," alisema. "Anasema hakuna sarafu wala nini, Shangazi ni hawara yangu na pesa ya kiwanja nimekuhonga. Mwambie wewe mwenyewe." Akapiga, akaweka spika.

"Unataka nini?" mwanamke alijibu upande wa pili.

Fundi aliisogelea simu. "Dada, mimi ndiye Shangazi. Mumeo sijawahi kumwona ila leo. Mimi ni fundi cherehani, na sarafu ilikuwepo kweli."

"Kwa hiyo upo. Na wewe umepoteza zako?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, mwepesi kama pamba. Macho yake yakaangukia mashine mpya ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, kwenye kona.

"Si zote," alisema. "Wiki tatu kabla ya kuanguka niliuza nusu, nikanunua mashine. Sikujua kitakachotokea, naapa. Lakini kesho yake asubuhi niliwaambia mshikilie."

Fundi bomba aliigeukia ile mashine. Mkasi ulikuwa bado mkononi mwa fundi cherehani. Kisha mwanaume akazima spika, akamsikiliza mkewe kwa sikio, akaitikia "ndiyo" mara tatu, akafungua mlango na kuondoka. Suruali aliiacha pale pale.

Fundi aliuweka mkasi mezani. Halafu alirekodi maneno yale yale na kuyatuma kwenye Mzinga. Matusi yalishuka kama mvua ya mawe. Mmoja alimtishia: asifungue mlango wake bila kuchungulia. Lakini mwingine, mwuza samani, aliandika: "Angalau wewe una sauti. Twende polisi tukiwa wengi."

Walijitokeza kumi na mmoja. Walikutana nje ya kituo cha polisi saa tatu asubuhi, watu wasiojuana sura, wakaanza kuulizana kwa aibu: wewe ndiye mwuza samani? Wewe ndiye mkunga? Fundi bomba alikuwepo na mkewe. Hawakumsalimia Shangazi, na yeye hakuwasogelea.

Ndani, askari alifungua daftari, akawapima mmoja mmoja kwa macho.

"Haya. Na huyo mliyekuwa mkimsikiliza kila asubuhi ni nani?"

Hakuna aliyenyoosha kidole. Fundi cherehani akapiga hatua moja mbele.

"Ni mimi, afande," alisema.