Siku Niliyoitoa Siri ya Mume Wangu Bomani

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma na kovu mguuni, na maradhi tuliyoyajua sisi wawili tu. Alikuwa akianguka. Macho humgeuka, mwili ukamtetemeka, povu likamtoka. Akizinduka huniapisha nisimwambie mtu. Kabla ya vita alikuwa mkwezi wa minazi, hodari kuliko wote kijijini kwetu Kigombe. Sasa aliwaambia watu hapandi kwa sababu ya mguu.

Miaka ilipita ndipo tukasikia kwamba askari walioumia vitani wanaweza kudai malipo ya ulemavu. Tukaenda Tanga. Barazani pa boma walijaa wanaume wakingoja zamu, na mmoja wao, mwenye jicho moja, alikuwa wa kijijini kwetu.

Ndani alikuwamo daktari wa Kizungu, na karani akitafsiri.

"Tembea."

Mume wangu akatoa kifua, akapiga hatua kama yuko gwaride. Mimi niliona jasho likimtiririka shingoni.

"Kuna jingine linalokusumbua?"

"Hakuna, bwana."

Daktari akashika kalamu. Karani akanong'ona, "Ndugu yangu, kwa mguu huu hupati kitu."

Mlango ulikuwa wazi. Nikisema, habari itatutangulia Kigombe. Lakini juma lile alikuwa ameangukia mafigani, nikamvuta nguo zimeshaanza kuungua.

"Anaanguka," nikasema. "Ana kifafa."

"Nyamaza, mwanamke!" mume wangu akanikemea.

Daktari akazungumza kwa kirefu. Karani akanigeukia: "Anauliza, huo si ugonjwa wake tangu utotoni?"

Ugonjwa wa utotoni haulipwi. Siri nimeitoa, na huenda isitufae lolote.

"Nimeolewa naye akikwea minazi," nikasema. "Mwenye kifafa anakwea mnazi?"

Karani akatafsiri. Kabla hajamaliza, nikasikia hodi. Yule mwenye jicho moja alikuwa amesimama mlangoni.

"Bwana, nilikuwa naye Burma. Bomu lilipiga handaki letu, udongo ukamfukia. Tulipomfukua hakuwa na fahamu. Siku ya tatu akaanguka mbele yangu, povu mdomoni. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona akianguka."

Mume wangu akamkodolea macho. "Kumbe ulijua?"

"Miaka yote. Ningemwambia nani?"

Daktari akaandika, safari hii ukurasa mzima.

Tulirudi, na nyumbani alikaa siku tatu hanijibu hata salamu. Jibu la kukubaliwa lilikuja baada ya miezi mingi. Kijijini wapo walioacha kunywa naye kikombe kimoja, na jambo hilo lilimuuma kuliko mguu. Mwenye jicho moja hakuacha. Alianza kuja kila alasiri, wakasuka makuti ya kuuza.

Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta mume wangu chini, anatetemeka, kichwa chake kimepakatwa na rafiki yake. Nikatupa ndoo, nikakimbia.

"Taratibu, shemeji," akaniambia. "Nimemshika."